Sifa za Mkwamo wa Benchi

Miongoni mwa mambo ambayo binadamu ameyatukana bila kuyachunguza, mkwamo wa benchi unastahili kutajwa mapema. Kwa mkwamo wa benchi inakusudiwa ile hali ambayo mnyanyua vyuma, akiwa amelala chali na kusukuma chuma kutoka kifuani hadi mikono inyooke, hujikuta hawezi kuongeza hata kilo moja juu ya uzito alioufikia zamani, ijapokuwa anahudhuria, anatoka jasho na kulipa ada kama kawaida. Watu wa jimu huutaja kwa masikitiko, na baadhi yao kwa maneno yasiyochapishika. Wanazuoni nao wameupuuza, kana kwamba kitu kinachoweza kumkalia mtu mzima kifuani mwaka mzima hakina hadhi ya kuandikiwa. Hata hivyo sifa zake ni nyingi, na iliyo kuu kuliko zote ni uthabiti.

Uthabiti ni kubaki palepale pasipo kuyumba, na katika fadhila hii mkwamo hauna mshindani. Bei ya trei ya mayai hupanda, nauli hupanda, kodi ya nyumba hupanda na mwenye nyumba huja mwenyewe kuitangaza, lakini kilo 80 za benchi hubaki kilo 80. Viongozi huingia madarakani na kutoka; watoto waliokuwa wakichungulia dirishani kumwona mnyanyuaji akihangaika na uzito huo huota ndevu, hujiunga na jimu ileile, na kumpita. Benki kuu yoyote ingeona fahari kuwa na sarafu yenye tabia kama hiyo, na lingekuwa jambo la busara mikopo ya muda mrefu ihesabiwe kwa kilo za benchi za karani wa ofisi mwenye umri wa miaka 35, kwa maana hakuna kipimo kisichoguswa na mfumuko wa bei kuliko hicho. Hata mahali unapojitokeza mkwamo hapabadiliki: chuma hushuka salama, hupanda sentimita chache kutoka kifuani, kisha husimama pale ambapo pembe za bega na kiwiko huiweka misuli ya kifua na triseps, yaani misuli ya nyuma ya mkono, katika nafasi mbaya ya kuzalisha nguvu; hapo mikono hutetemeka, uso huiva, mshipa wa shingo hutuna, na chuma hurudi kilikotoka. Mwandishi wa sifa hizi ana sababu za kuijua njia hiyo vizuri.

Mkwamo hulinda pia heshima za watu. Husimuliwa kwamba Milo wa Kroton, mwanamieleka wa Kigiriki wa karne ya 6 kabla ya Kristo, alimbeba ndama kila siku hadi ndama akawa fahali, na kisa hicho kimezaa imani kwamba mzigo ukiongezwa kidogo kidogo nguvu hufuata bila kikomo. Ingekuwa kweli, mtu anayeanza na kilo 40 na kuongeza kilo 2.5 kila wiki angefikisha kilo 170 baada ya wiki 52, na kabla ya kutimiza miaka miwili na nusu angekuwa amezifikia kilo 355 ambazo Mmarekani Julius Maddox alizisukuma mwaka 2021 bila lile shati gumu la mashindano linalomsaidia mnyanyuaji kusukuma. Kila mtaa ungejaa mabingwa wa dunia, nao wangelazimika kuendelea na bodaboda na uhasibu kama kawaida. Mkwamo ndio unaomwepushia Maddox fedheha hiyo.

Fadhila nyingine zitajwe kwa haraka: mkwamo hufundisha unyenyekevu, huokoa mashati yasichanike mabegani, hupunguza kelele za vyuma kugongana, na humpa mtu la kuzungumza na mashemeji.

Ukarimu wake, hata hivyo, hauwezi kupitwa hivi hivi, kwa sababu mkwamo wa mtu mmoja hulisha watu wengi. Muuza poda ya protini huishi kwa mkwamo, naye huuza kopo kubwa lenye picha ya mtu asiye na shingo, ilhali uchambuzi uliounganisha majaribio mengi na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba protini haileti nyongeza kubwa ya misuli ikishapita takriban gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kiasi hicho kwa mtu wa kilo 70 ni gramu 112, na maharage, maziwa, mayai na dagaa wanaweza kukifikisha bila msaada wa kopo. Mwalimu wa jimu huishi kwa mkwamo, kwani huuza programu mpya ya wiki 12 ambayo ni ile ya zamani iliyoanzwa kutoka mwisho. Washauri wa bure hawalipwi, ila hushiba heshima: mmoja huagiza viwiko vibanwe ubavuni, wa pili huagiza vitanuliwe, na wa tatu, ambaye kadi yake ya uanachama bado haijakauka wino, huagiza vyote viwili.

Na yule msaidizi! Husimama kichwani mwa benchi ili chuma kisimwangukie mnyanyuaji, na hiyo ndiyo kazi yake, hana nyingine; lakini chuma hakijakwama bado, yeye amekwisha kukishika kwa mikono miwili na kukivuta kama mtu anayetoa ndoo kisimani, huku akipiga kelele, "Yako hiyo, yako yote!" Si yake. Nusu ni ya msaidizi. Daftari huandikwa uongo, wiki inayofuata uzito huongezwa juu ya uongo huo, kisha watu hukaa kikao kuuliza mkwamo umetoka wapi.

Ulipotoka si siri kubwa. Katika wiki za mwanzo nguvu huongezeka hasa kwa sababu mfumo wa neva, yaani njia za mwili za kupeleka amri kwenye misuli, hujifunza kuzitumia vizuri nyuzi za misuli ambazo tayari zipo. Somo hilo likiisha, maendeleo hutegemea zaidi kukua kwa misuli yenyewe, na misuli haina haraka. Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani aliyewatibu askari waliojeruhiwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, alieleza mwaka 1945 namna ya kurejesha nguvu kwa mizigo mizito inayoongezwa hatua kwa hatua, na elimu hiyo haijapitwa na wakati. Shida iko kwenye hatua. Sahani, yaani vyuma vya duara vinavyovishwa kwenye ncha za chuma kirefu, huongezwa mbili mbili ili pande zilingane, kwa hiyo jimu ambayo sahani yake ndogo kabisa ni ya kilo 2.5 humlazimisha kila mtu kupanda kwa kilo 5 au asipande kabisa. Kwa anayesukuma kilo 50 hiyo ni asilimia 10, na kwa wa kilo 80 ni zaidi ya asilimia 6. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, ila katika jimu nyingi haba yenyewe hainunuliwi.

Jimu za mtaani, zinazomimina zege kwenye makopo ya rangi, zimeshinda mtihani huu bila kujisifu, kwani fundi akiombwa uzito mdogo hutafuta kopo la maziwa ya unga. Zilizoshindwa ni zile zenye vioo kutoka sakafuni hadi darini, taa za zambarau na spika zinazotikisa meno, ambazo huongeza ada kila mwaka, na ambazo jozi yao pekee ya sahani za kilo 1.25 iligawanywa: moja haijulikani iliko, na nyingine huzuia mlango wa choo usijifunge. Humo humo kila Jumatatu watu husubiri foleni ya benchi, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba mazoezi yaleyale yangegawanywa mara mbili kwa wiki, kwamba chuma kitulie kifuani kabla ya kusukumwa kama waamuzi wa mashindano wanavyodai, kwamba baada ya wiki kadhaa ngumu ipangwe wiki moja ya mzigo mwepesi, na kwamba usingizi ni sehemu ya mazoezi. Hawakuambiwa kwa sababu hakuna mtu anayepata kamisheni kwenye usingizi, na mteja ambaye mkwamo wake umeisha hanunui programu nyingine.

Kwa hiyo wamiliki wa jimu wanaombwa, kabla ya kununua kioo kingine, wanunue jozi mbili za sahani za kilo 1.25, waziweke karibu na benchi, na mlango wa choo wautafutie jiwe.