Toba ya Kalamu ya Bluu

Pete Rose alipiga mapigo halali 4,256, rekodi ya ligi kuu ya besiboli Marekani ambayo hadi leo haijavunjwa. Mwaka 1989 akafungiwa maisha kwa kamari. Akakana, akakana tena, mpaka 2004 alipokiri.

Mungu si Athumani: hata kukiri kuna soko. Mzee wetu akaketi mezani kule Las Vegas, kalamu ya bluu mkononi, akiandika kwa mwandiko wake juu ya mpira mweupe, kwamba anaomba radhi kwa kuchezea besiboli kamari. Chini yake saini. Ulikuwa unalipa, unabeba toba yako, haya, anayefuata! Ipo hata mipira aliyoandika samahani ya kumpiga risasi Rais Kennedy, ilhali mwaka huo, 1963, alikuwa Cincinnati akijinyakulia tuzo ya mchezaji chipukizi.

Mnunuzi naye hulipia na cheti, cha kuthibitisha kwamba uongo ule ni halisi.

Ukibahatika kuupata mpira huo, ndugu yangu, usiuweke dirishani. Wino wa bluu haupatani na jua. Utaamka siku moja ukute samahani imefutika, deni la kadi lingalipo.