Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa, Mlezi wa Maendeleo ya Lamu

Kwako Mheshimiwa, mtukufu, taji la vichwa vyetu,

Sabalkheri, na waraka ukikufikia usiku, masalkheri. Natumai hujambo wewe, hawajambo wa nyumbani, na magari ya msafara pia hayajambo. Sisi wa Kililana twaishi, utuwie radhi.

Wa baada ya salamu, natanguliza shukrani. Tulishukuru mwaka 2012, bandari ya Lamu ilipozinduliwa hapa kwetu mbele ya marais wawili na waziri mkuu wa Ethiopia. Tukashukuru tena 2021, gati la kwanza lilipofunguliwa. Bahari ilipochimbwa, wavuvi wetu walipumzishwa. Mahakama Kuu iliamua 2018 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, nanyi wakubwa, kwa hekima, mkaona fedha za ghafla huharibu watu, mkawalea kwa subira.

Vijana walioikosa bahari waliupata unga wa kulevya. Hapo pia twashukuru: samaki huadimika, kete haijaadimika hata siku moja.

Mpwa wangu naye alizama. Ukoo ukachanga, tukampeleka nyumba ya soba Unguja, ambako nyumba hizo zipo tangu 2009 na walioacha unga ndio wanaowalea wanaoacha. Arosto ya kuacha unga ilipomtoka alipangiwa zamu, leo jikoni, kesho chooni. Mkutano asubuhi, mkutano jioni. Hatoki peke yake, na mzigo wa mgeni hupekuliwa mlangoni, hata sabuni hukatwa vipande ikatazamwa ndani. Alirudi mashavu yamejaa. Lakini alirudi kwenye kitanda kilekile, na maskani ileile iko nyuma ya ukuta. Mwezi haukuandama, akateleza.

Ndipo nilipothubutu kuja ofisini kwako kuomba nyumba kama ile, hapahapa kwetu. Nilikirimiwa benchi tangu asubuhi hadi adhuhuri. Kisha nikafahamishwa, kwa upole kabisa, kwamba hakuna fungu, hakuna kiwanja, hakuna mlinzi, niongeze dua. Naiongeza, Mheshimiwa, na wewe umo ndani yake.

Niliporudi nilipita nje ya bandari. Kiwanja kipo. Ua upo. Mlinzi yupo, na taa zinawaka hadi alfajiri. Kontena tupu huandikwa likiingia, huandikwa likitoka, hutiwa lakiri, na hakuna athubutuye kulipenyezea kete.

Kwa hivyo, kwa unyenyekevu wote, naomba mpwa wangu aandikishwe kuwa kontena. Miezi sita yatosha. Aandikwe shehena ya kwenda Sudan Kusini, ili asije akaharakishwa. Nambari za ubavuni nitampaka mwenyewe, kwa rangi yangu. Akiwa na wenzake watajipangia zamu za kupika na mikutano yao, wala hawataziba njia ya meli.

Ushuru wa forodha usikutie wasiwasi. Nitaulipa wote, kwa mwendo uleule mliowalipa wavuvi.

Wako mtiifu, mnyonge wa Kililana.