Shajara ya Wiki ya Mvua, Glasgow

Jumatatu. Basi la saa tatu usiku halikuja. Lililofuata lilikuja, likanipita, na dereva akanipungia mkono. "What a downer," akasema mama mmoja kituoni, akawasha sigara. Kwake downer ni jambo la kuvunja moyo; kwenye hosteli ya wasio na makazi ninakofanya zamu ya usiku, downer ni kidonge cha kulevya na kuleta usingizi, na kikionekana kinaandikiwa fomu. Nimefika kazini nimelowa hadi soksi. Hilo halina fomu.

Jumanne. Maziwa yangu kwenye friji ya wafanyakazi yamenywewa. Nimebandika karatasi ya kuomba ustaarabu. Karatasi nayo imechukuliwa.

Saa nane za usiku, mzee ninayefanya naye zamu, mzaliwa wa hapahapa, amenisimulia vidonge vya ujana wake. Kwanza mandies, yaani Mandrax, ambayo hata kwetu, pwani ya Afrika Mashariki, ilisikika, kwa sababu ilipitishwa huko kwenda Afrika Kusini. Baadaye zikaja jellies: temazepam, dawa halali ya usingizi, ndani ya kifuko laini cha jeli. Watu waliiyeyusha wakajidunga. Ikipoa inaganda mshipani, na wapo waliokatwa miguu. Mwaka 1996 madaktari wa NHS, huduma ya afya ya umma, wakazuiwa kuandikia wagonjwa vifuko hivyo. Amesimulia yote haya huku akila biskuti. Biskuti zilikuwa zangu.

Jumatano, 5 Novemba. Usiku wa Guy Fawkes, nami niko mapumziko. Jirani alinunua boksi zima la fataki na kutualika uani. Mvua ikawahi kuliko sisi. Fataki moja ilitoa moshi, ikalala ubavu, ikazima. "Damp squib," akasema mkewe. "Bit of a downer," akasema yeye, akaingia ndani kuangalia mpira. Lakini njama ya baruti ya Guy Fawkes, ya 1605, nayo haikulipuka, kwa hiyo naona tumeadhimisha ipasavyo.

Alhamisi. Mchana nimekwenda kwa daktari kumweleza kwamba usingizi umenikataa tangu nianze zamu za usiku. Nilitarajia vidonge. Nimepewa kijitabu. Nimekisoma kitandani. Ukurasa wa pili unakataza kusoma kitandani.

Usiku tumemkuta mkazi mmoja ameketi kwenye ngazi, kidevu kifuani, midomo ya buluu, anakoroma kwa mikoromo iliyoachana mno. Mfukoni alikuwa na vallies, vidonge vya buluu. Valium halisi, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1963 kutoka maabara ya Roche, ina kidonge cha buluu cha miligramu 10, na hizi za mtaani zinaiga rangi hiyo. Gari la wagonjwa lilikuja upesi kuliko basi lolote la wiki hii. Kwenye fomu, penye aina ya tukio, kisanduku kina nafasi ya neno moja. Nimeandika neno lilelile la kituo cha basi.

Ijumaa. Nimempigia mama huko kwetu Tanga. Shikamoo, marahaba, umekula, mbona sauti imekauka. Nikamweleza habari ya usingizi. Akasema ninywe maziwa ya moto. Nikamweleza habari ya maziwa. Akanyamaza kidogo, akaniuliza ni watu gani hao ninaofanya nao kazi. Salio likaisha.

Yule mkazi amerudi kutoka hospitali. Analalamika kuwa kuna mtu amekula krispi zake. Nina wazo ni nani, lakini ni mkubwa wangu kazini.

Jumamosi. Mafunzo ya lazima, siku yangu ya mapumziko. Projekta iligoma, mkufunzi akaendelea kwa mdomo tu. Vallies za mtaani mara nyingi hazina diazepam kabisa; ndani kuna etizolam au bromazolam, kwa kiasi asichokijua hata muuzaji. Naloksoni, ile dawa ya kupuliza puani, inamrudishia pumzi aliyezidiwa na heroini, lakini mbele ya vallies haifui dafu. Mpe hata hivyo, kwa sababu wengi wanachanganya. Mlaze ubavu, usimwache peke yake, na usidanganywe na mkoromo ukadhani kalala vizuri. Chai ilikuwa ya baridi na haikuwa na maziwa. Namba ya gari la wagonjwa huku ni 999.