Hapa Siyo Kule

Sisi wa mtaa wa Lawrence Heights, Toronto, tukiulizwa tunakaa wapi, tunataja mahali tusipokaa: "Karibu na Yorkdale." Na ni karibu kweli, kwa miguu tu unafika. Ila Yorkdale, iliyofunguliwa mwaka 1964, ni jumba la maduka ambamo mkoba mmoja wa bibi unaweza kumeza kodi yangu ya miezi, na sisi ni nyumba za serikali za mwishoni mwa miaka ya 1950. Wenzangu huenda kule waonekane wana pesa. Mimi huenda kuota moto.

Wa mtaa wa Lawrence Manor nao, hapo mashariki, zamani walitengwa nasi kwa uzio. Sijui bila sisi wangejuaje kwamba wao ni mtaa mzuri. Huduma hiyo tumewapa bure, hata ahsante hatujaisikia.

Lakini kinachonikera hasa ni barabara kuu ya Allen Road. Ilikusudiwa iteremke hadi katikati ya jiji. Watu wa huko wakaipinga, mwandishi Jane Jacobs akiwemo, na mwaka 1971 waziri mkuu wa Ontario, Bill Davis, akaisitisha. Mpaka leo mtu wa mjini atakusimulia kwa majivuno barabara ambayo haikujengwa. Hongera. Na iliyojengwa? Hii hapa, imepasua mtaa wetu vipande viwili, inanguruma usiku kucha, kisha ikifika barabara ya Eglinton inakoma ghafla kama mzee aliyesahau alichotaka kusema. Wao wana sifa ya kuikataa kwa sababu sisi tunayo.

Wala sisi wenyewe si wasafi: nasi hupima hapa kwa kule. Jirani yangu, mama wa Mombasa, tulikuwa tunangoja basi mwezi wa Februari, nyuzi tatu chini ya sifuri, akafungua zipu ya koti. "Leo joto, baba!" Wiki iliyotangulia zilikuwa nyuzi ishirini chini.

"Mama, si ulisema ulikimbia joto la Mombasa?"

"Lile lilikuwa joto la joto. Hili ni joto la baridi."

Sikuwa na la kujibu, na basi halikuja.

Sasa mtaa unajengwa upya, maghorofa ya kuuza yanainuka kando ya nyumba zetu za kodi ya kadiri ya kipato. Juzi niliingia kwenye ofisi moja ya mauzo. Kijana akanitazama viatu, akauliza kwa adabu kama mimi ni mnunuzi au mpangaji. Nikamwambia natafuta choo. Akasema choo ni cha wanunuzi.

Nikauliza malipo ya awali ni kiasi gani.