Barua ya wazi kwa wakuu wa depo, kuhusu palete

Kwa waheshimiwa wakuu wa lojistiki, depo ya misaada, Baraka, Teritori ya Fizi.

Waheshimiwa,

Tunawapongeza. Hapa Baraka hakuna mgeni anayetunzwa kama palete zenu. Zina uzio, zina sentineli usiku na mchana, zina hata taa ya sola. Mitaa yetu gizani inazionea wivu.

Na kweli ni wageni wa heshima. Tumezisoma kupitia matundu ya uzio. Ubavuni pana mhuri wenye shuke la ngano, herufi mbili za nchi zilikotoka, kisha HT, yaani mbao zilipashwa moto hadi kiini kikafika digrii 56 kwa dakika 30, wadudu wasivuke mpaka. Ni kanuni ya kimataifa tangu 2002. Palete basi imeingia Fizi na kitambulisho kinachosomeka dunia nzima. Sisi wenyeji tukisimamishwa kwenye bariera tunatoa kadi ya mpiga kura, na askari anaigeuzageuza mpaka apate kosa.

Shida inaanza unga na mafuta vikishateremshwa. Tulipoziomba hizo palete tupu, tuliambiwa ni mali ya mfadhili, na kwamba iko kamati ya kuondoa mali. Kamati haijakaa. Mjumbe mmoja yuko likizo, wa pili yuko Nairobi, na wa tatu bado ni tangazo la kazi ubaoni. Mvua, yenyewe, haingoji kikao. Mchwa nao hawajaomba sahihi ya mtu. Zikishaoza zinachomwa nyuma ya depo mbele ya mashahidi, hati ya PV inaandikwa, na ripoti inasema mali imeondolewa kwa utaratibu.

Siku moja mlikuwa mmewakusanya mama zetu ukumbini, mnawafundisha waache makaa ili msitu wa Itombwe upone. Moshi wa palete uliingia dirishani, mwezeshaji akakohoa, akaendelea na somo.

Tuwaeleze mnachokichoma. Palete ya vipimo vya Ulaya ina mbao 11, vigogo 9 na misumari 78, na inabeba tani moja na nusu. Misumari yake imesokotwa. Ukivuta kwa pupa ubao unapasuka. Fundi wa hapa anaingiza mtarimbo kati ya ubao na kigogo, anagonga kidogo, anahamia kigogo cha pili, anarudi cha kwanza, hadi ubao unyanyuke wenyewe. Kisha misumari inanyooshwa juu ya jiwe. Hapo mna benchi la shule, au miguu ya meza ya kuanikia samaki wa ndakala. Ng'ambo ya ziwa, Burundi, FAO iliwafundisha wavuvi kuanika juu ya meza za waya. Kwetu wengi bado wanatandaza mchangani. Mvua ikipiga, samaki wanaoza, na waliosalia wanauzwa na mchanga wao.

Hatuombi zote. Zenye alama MB zilifukizwa sumu ya methyl bromide, na hatutaki mtoto alalie kitanda cha mbao hizo wala mama azipikie kama kuni. Hizo tunakubali kabisa ziendelee kulindwa na sentineli.

Na tafadhali, msitujibu kwa semina ya siku tatu kuhusu matumizi ya palete. Chai na biskuti zake zingelipa mafundi, na kalamu tayari tunazo za semina zilizopita.

Ikiwa kamati itashindwa kukaa hata mwaka huu, tunaomba basi majivu, tuyapeleke kwenye mashamba ya muhogo. Tumekwisha kuandika ombi, nakala tatu, zenye mhuri wa chefu wa kata. Sentineli amezipokea getini, akatuambia majivu nayo ni mali ya mfadhili.

Wenu watiifu,
Mafundi seremala, Baraka