Plastiki Haikauki

Wafanyabiashara wa Kariakoo hawana subira. Oktoba haijaisha, Mtaa wa Kongo umeshajaa kamba za kung'ara, kofia nyekundu na miti ya plastiki iliyokunjwa kama miavuli. Siwalaumu. Sehemu kubwa ya mapambo ya Krismasi ya dunia nzima hutoka mji mmoja wa China, Yiwu, na mzigo ukishatua bandarini hauwezi kulala stoo ukingoja Majilio. Lawama zangu ni kwa wanunuzi, hasa mnunuzi mmoja ninayeishi naye.

Mama watoto anaamini mapambo yakichelewa, Krismasi yenyewe inaweza kughairi kuja. Novemba ikiingia tu, naulizwa: "Baba watoto, ngazi iko wapi?" Ngazi anajua iko wapi. Anachotaka ni kuniona nikiinuka kwenye kochi. Nikimweleza kwamba hata Majilio bado, kwamba Kanisa limetenga Jumapili nne za kujiandaa na hakuna hata moja iliyofika, ananijibu kuwa Wafilipino huanza Septemba. Ni kweli, huko Septemba ikiingia, nyimbo za Krismasi zinaanza kusikika madukani. Lakini sisi tunakaa Tabata, na sijaona Mfilipino aliyejitolea kuninunulia LUKU.

Hapo huambiwa kwamba taa za siku hizi hazili umeme. Fundi naye amenithibitishia, kwa sauti ya mtu anayeongea na mgonjwa. Sawa. Lakini mita ikianza kulia usiku wa manane, anayesimama gizani na simu mkononi akibonyeza tarakimu 20 si fundi, ni mimi. Tena taa zetu zina kijisanduku cha muziki. Zinaimba nyimbo tatu bila kumaliza hata mmoja, na huwezi kunyamazisha muziki bila kuzima taa. Wageni husema zinapendeza. Wageni wanaondoka saa mbili.

Zamani mjadala huu haukuwepo. Nyumbani kwetu Tanga mti ulikuwa tawi la mvinje, linakatwa mkesha wa sikukuu na kusimikwa kwenye ndoo ya mchanga. Juu yake tunabandika pamba iwe theluji (theluji, Tanga, Desemba, sisi vifua wazi!), puto kadhaa, na kadi za salamu zinaanikwa kwenye uzi kutoka dirisha hadi dirisha. Mwaka Mpya ukifika puto zimesinyaa, majani ya mvinje yamemwagika sebule nzima, na mama amechoka kufagia. Hakuna aliyeuliza mti uondoke lini. Uliondoka siku mama alipochoka, ukaenda jikoni kuivisha maharage.

Plastiki haikauki. Ndiyo shida yote hiyo. Mti wetu wa sasa tarehe 2 Januari uko vilevile ulivyokuwa tarehe 2 Desemba, na tarehe 2 Machi utakuwa vilevile, labda na vumbi kidogo. Haumwambii mtu kuwa shughuli imekwisha.

Na kupamba kuna watu, kupambua hakuna. Siku ya kupandisha, nyumba inajaa: watoto wanagombania nani ataweka nyota, shemeji anatoa maelekezo akiwa na soda mkononi, jirani anaingia kuangalia. Siku ya kushusha, wote wana kazi. Januari yenyewe unaijua: ada, sare, madaftari, kodi ya nyumba, na mshahara uliolipwa kabla ya Krismasi ulishaliwa Krismasi hiyohiyo. Mtu wa namna hiyo umpandishe ngazi akafungue vifundo vya taa?

Nilijaribu kuleta sheria. Nikasema Waingereza wanaoogopa nuksi hushusha kila kitu tarehe 5 au 6 Januari. Nikasema Waswidi wana siku yao kabisa, tarehe 13, ya kuuaga mti na kuutoa nje. Mama mkwe alikuwepo, na mama mkwe ni Mkatoliki asiyetishwa na Waswidi. "Baba," akasema, "sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni ni lini?" Ni tarehe 2 Februari, siku ya kubariki mishumaa, na ni kweli wapo Wakristo ambao tangu zamani huacha mapambo hadi siku hiyo. Nikamjibu kwa heshima kwamba kalenda ya Kanisa lake mwenyewe hufunga kipindi cha Noeli kwa Ubatizo wa Bwana, baada tu ya Epifania. Akanitazama kama mtu aliyekula mahari akaanza kuijutia. Mti ukabaki.

Walau sisi ni familia. Kuna ofisi moja ninakopeleka karatasi zangu, bango la "Krismasi Njema" pale mapokezi lilivuka Februari nzima. Mwaka ule, 2025, Ramadhani na Kwaresima zilianza wiki moja, mwanzoni mwa Machi. Wakatundika "Ramadhani Kareem" chini ya "Krismasi Njema", na dada wa mapokezi akaketi chini ya yote mawili akiwa na majivu kwenye paji la uso. Jirani yangu naye miashoki yake imeviringishwa taa mwaka mzima. Ukimuuliza anasema ni ulinzi. Mwizi gani anayeogopa taa zinazokonyeza?

Kwa hiyo nimeamua, na safari hii sitegemei Waswidi. Kalenda ya Serikali inatosha. Mapambo yapande tarehe 9 Desemba, Sikukuu ya Uhuru, yashuke tarehe 12 Januari, Sikukuu ya Mapinduzi. Siku zote mbili ni mapumziko, watu wako nyumbani, hakuna wa kusingizia kazi. Ubatizo wa Bwana huangukia siku hizohizo za Januari, kwa hiyo hata paroko hatakuwa na neno. Pango la Mtoto Yesu mama mkwe aendelee nalo hadi tarehe 2 Februari, kwani halitumii umeme wala haliimbi.

Ngazi nitaishika mimi. Atakayeshusha nyota ni yuleyule aliyegombania kuipandisha.