Mkabidhi Aliyejifungia Nje

Kwa Wahawaii, neno wiki maana yake ni haraka. Mmarekani Ward Cunningham aliliokota kwenye mabasi ya uwanja wa ndege wa Honolulu, akaipa tovuti aliyoizindua tarehe 25 Machi 1995, ambayo msomaji yeyote aliweza kuihariri papo hapo. Sisi Waswahili tukisikia wiki tunahesabu siku saba, na mkabidhi wa ofisi aliyepoteza madaraka juu ya wiki yake atakula kiapo kwamba maana yetu ndiyo sahihi. Mkabidhi ni jina ambalo Wikipedia ya Kiswahili imempa msimamizi, yule mwenye uwezo wa kufuta kurasa na kuwafungia watumiaji wakorofi. Akishajifungia nje mwenyewe, hulaumu mashine. Mimi naitetea mashine: imetii kila neno aliloiambia. Kosa ni lake, kwa kudhani kwamba kujulikana na kuwa na cheo ni kitu kimoja.

Tazama linavyotokea. Programu ya wiki iitwayo MediaWiki inapowekwa, akaunti ya kwanza ndiyo hupewa ukabidhi, na kisakinishi cha zamani kilikuwa kikiipendekezea jina la WikiSysop. Miezi inapita, ofisi inachoshwa na watu wanaosahau nywila, inaamua wiki iwe inauliza saraka ya wafanyakazi kwa itifaki ya LDAP. Itifaki hiyo ilizaliwa Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1993, na L yake ni ya neno lenye maana ya nyepesi. Ni wazi kwamba waliowahi kuisanidi hawakuulizwa. Tangu siku hiyo mlangoni anakaa karani mwenye daftari. WikiSysop anapiga hodi. Karani anapekua: yupo Mwajuma wa uhasibu, yupo Juma wa stoo, ipo hata printa ya ghorofa ya pili, lakini WikiSysop hayupo. Mama gani angemwita mwanawe hivyo? Karani anajibu kwa namba 49, na kama saraka ni Active Directory anatia 525 pembeni, yaani huyu hatumjui. Namba hizo zinabaki kwenye kumbukumbu za seva. Mkabidhi anaambiwa tu kwamba jina au nywila si sahihi, naye anaiandika upya nywila ileile, safari hii akiponda vitufe kwa nguvu, kana kwamba karani ana uziwi.

Mwishowe anajaribu jina lake halisi, lile la kwenye mshahara. Karani anamkaribisha kwa heshima zote, wiki inamfungulia akaunti mpya, na anajikuta mgeni kama aliyeajiriwa jana: kitufe cha kufuta hakipo, cha kufungia watu hakipo. Saraka imejibu swali la nani huyu. Swali la ana cheo gani linajibiwa kwingine, kwenye jedwali liitwalo user_groups, na humo ukabidhi bado umeandikwa kwa WikiSysop. Mmoja ana kofia hana kichwa, mwingine ana kichwa hana kofia. Na mwenye idhini ya kuihamisha kofia ni WikiSysop yuleyule. Kinyozi hajinyoi, na mji mzima una kinyozi mmoja. DokuWiki, programu nyingine ya wiki, nayo haina subira hata kidogo: msimamizi akiwa ndani anabadilisha njia ya kuwatambua watu, anabonyeza Hifadhi, na ukurasa unaofuata unamtazama kama mpita njia.

Kwamba hakuna kilichoharibika, tiba yenyewe ni shahidi. Kwenye DokuWiki unafungua faili la conf/local.php, unarudisha mstari wa authtype kuwa authplain, basi. Kwenye MediaWiki kuna amri ya createAndPromote.php, ambayo ukiiongezea --sysop na --force humvisha ukabidhi mtu aliyekwisha kuwamo, bila kumuuliza nywila yake. Yaani mlango wa mbele una karani, daftari na namba 49, na uani mwenye funguo za seva anapita na kanzu yake, hata hodi hapigi. Mkabidhi wa kweli ni huyo. Vyeo vya ndani ya wiki ni hisani yake. Ndiyo maana nasema kila wiki inayotegemea saraka iachiwe akaunti moja ya ndani, isiyomjua karani wala kujulikana naye, na nywila yake iandikwe kwenye karatasi.

Mkaguzi wa usalama atakunja uso. Atasema saraka ililetwa ili anayeacha kazi akatwe kila mahali kwa mara moja, na akaunti ya pembeni ni dirisha la mwizi. Kuhusu saraka ana haki, na akaunti yenye nywila ya admin123 ni kweli dirisha. Lakini akaunti moja yenye nywila ndefu, ndani ya bahasha yenye lakiri, kwenye kasha la mhasibu, na taarifa ikipigwa kila inapotumika, haizidi hatari aliyokwisha kuikubali alipomkabidhi mtu seva. Mwingine atauliza: amri ipo, akaunti ya akiba ya nini? Huyo bila shaka ana seva. Wengi seva yao iko kwa idara nyingine au kampuni ya kukodi, na msaada huombwa kwa fomu, na fomu hufunguliwa kwa saraka ileile. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hata wakubwa yamewakuta: tarehe 4 Oktoba 2021 mtandao wa Facebook ulizimika kwa takriban saa 6, na zana za ndani za kutafutia tatizo zikazimika nao, ikabidi mafundi waende kwa miguu yao hadi kwenye vituo vya data.

Limebaki swali moja, la wapi pa kuandika maelekezo ya bahasha iko wapi na inafunguliwaje. Watu nadhifu huyaandika vizuri, kwa hatua na picha, kwenye ukurasa wa wiki hiyohiyo. Walio nadhifu zaidi huufunga ukurasa huo, usomwe na wakabidhi tu.